Uswisi: Vijiji vya milimani vilivyochagua utulivu, na theluji inayowapima

Kila majira ya baridi, majina ya Zermatt, Verbier na St. Moritz yanarudi kwenye magazeti ya Ulaya: hoteli za bei kali, watu mashuhuri, foleni ndefu kwenye teleferiki. Lakini pembeni ya miji hiyo kuna Uswisi nyingine. Ni ile ya vijiji vidogo vya nyumba za mbao, ambako mgeni anateleza kwenye theluji asubuhi, mchana anakula jibini iliyoyeyushwa, na usiku analala bila kusikia gari. Wakaaji wa vijiji hivyo hawakusahauliwa na maendeleo. Mara nyingi utulivu huo waliuchagua wenyewe, na leo wanalipa gharama yake.

Kwa asiyeujua mchezo huu, ski ni kuteremka mlima kwa vibao viwili virefu na vyembamba vilivyofungwa miguuni. Ili kupanda tena juu, watu wanatumia teleferiki, yaani kibanda kinachovutwa angani na waya wa chuma, ama viti vinavyoning'inia kwenye waya kama huo. Mitambo hiyo ni ghali kununua na ghali kutunza. Kwa kijiji cha watu mia chache, teleferiki ikisimama, hoteli inafunga, duka la mkate linafuata, na mwishowe shule inakosa watoto.

Mürren: kijiji kisicho na barabara

Mürren iko katika jimbo la Bern, ukingoni mwa mwamba mrefu unaotazama bonde la Lauterbrunnen, kwenye kimo cha karibu mita 1.650. Wakaaji wake ni mia nne na kitu tu. Gari la mgeni haliwezi kufika huko: linabaki bondeni, naye anapanda kwa teleferiki na treni ndogo ya mlimani iliyoanza kazi mwaka 1891.

Kijiji hiki kimya kina nafasi kubwa katika historia ya ski. Mwaka 1922, Mwingereza Arnold Lunn alipanga hapo shindano la kwanza la slalomu ya kisasa, mchezo wa kuteremka kwa kupinda kati ya fimbo zilizosimikwa kwenye theluji. Mwaka 1931, Mürren ikapokea mashindano ya kwanza ya dunia ya ski ya kuteremka mlima. Wanawake walishiriki toka mwanzo, na Mwingereza Esmé MacKinnon akashinda upande wao.

Mpaka leo, kila mwezi wa kwanza, kijiji kinaandaa mbio zinazoitwa Inferno. Zilipoanza mwaka 1928, watu 17 walipanda kwa miguu mpaka karibu na kilele cha Schilthorn, mlima wa mita 2.970, kisha wakateremka hadi bondeni. Sasa wanaoshiriki ni karibu 1.850, mara nne ya wakaaji wote. Kwa siku chache Mürren inajaa kelele na vigelegele. Baadaye wageni wanashuka kwa teleferiki, na kijiji kinarudia hali yake. Hapo ndipo somo lake lilipo: wakaaji hawakatai wageni, ila wamekubali kwamba njia ya kufika kwao iwe nyembamba.

Grimentz na Evolène: mbao nyeusi na lugha ya wazee

Katika jimbo la Valais, upande wanaoongea Kifaransa, kijiji cha Grimentz kiko ndani ya bonde la Anniviers, kwenye kimo cha mita 1.570. Nyumba zake ni za mbao ambazo jua la karne nyingi limezigeuza kuwa nyeusi. Kati yake kuna maghala ya zamani ya nafaka yanayoitwa raccard. Kila ghala limesimama juu ya miguu mifupi, na juu ya kila mguu kuna jiwe bapa la duara ili panya asipande. Zamani watu wa Anniviers walihamahama kufuata majira: walipanda juu na ng'ombe, kisha wakashuka mpaka Sierre kulima mizabibu. Mvinyo wao uliwekwa katika mapipa ya mbao kijijini, na desturi ni kwamba pipa halimalizwi: linaongezwa mvinyo mpya juu ya ule wa zamani.

Grimentz haikukataa mitambo. Mwaka 2014 ilifungua teleferiki kubwa inayoiunganisha na miteremko ya Zinal, kijiji cha jirani. Lakini nyumba za zamani zilibaki zilivyokuwa, na anayeshuka mlimani jioni anapita kwa miguu kati ya maghala yale yale.

Bonde la pili upande wa magharibi, kijiji cha Evolène ni kidogo zaidi kwa ski lakini kina utajiri mwingine. Huko bado kuna watu wanaoongea patois, lugha ya wazee ambayo karibu imetoweka mahali pengi katika Uswisi ya Kifaransa. Kuanzia tarehe 6 mwezi wa kwanza mpaka siku ya mwisho kabla ya Kwaresima, vijana wanavaa vinyago vya mbao na ngozi za wanyama, wengine magunia yaliyojazwa majani makavu, na kuzunguka kijijini wakitisha watu ili kuifukuza baridi. Mtalii akiwepo, anatazama. Asipokuwepo, sherehe inafanyika vilevile.

Vitanda baridi

Hata hivyo, uzuri huo uliwavuta wanunuzi. Watu wa miji mikubwa na wageni kutoka inchi zingine walinunua nyumba milimani ambamo wanalala wiki mbili ama tatu kwa mwaka. Muda uliobaki, madirisha yamefungwa. Waswisi wanaviita vitanda vya nyumba hizo « vitanda baridi ». Kijiji kinaonekana kikubwa, lakini usiku taa ni chache. Bei ya viwanja inapanda, na kijana aliyezaliwa hapo anashindwa kupata pa kuishi.

Tarehe 11 mwezi wa tatu mwaka 2012, Waswisi walipigia kura pendekezo la mtetezi wa mazingira Franz Weber: nyumba za namna hiyo zisizidi asilimia 20 ya nyumba zote katika kila komine. Lilipita kwa asilimia 50,6 tu. Katika Valais, karibu robo tatu ya wapiga kura walilikataa. Walikuwa na sababu: kazi ya ujenzi ililisha jamaa nyingi, na waliona watu wa mijini wakiwaamulia mambo ya nyumbani kwao. Bonde la Anniviers ni moja ya sehemu zilizokuwa zimepita kiwango hicho kwa mbali, na ruhusa za kujenga nyumba mpya za mapumziko zikafungwa. Mwaka 2024, Bunge lilikubali kulegeza sheria kwa upande wa nyumba za zamani. Mabishano bado hayajaisha.

Kuungana ili kuishi

Pigo lingine lilitoka kwa makampuni makubwa. Mwaka 2022, kampuni ya Kimarekani Vail Resorts ilinunua asilimia 55 ya mitambo ya Andermatt-Sedrun, mahali ambako tajiri Mmisri Samih Sawiris alikuwa amejenga hoteli na nyumba za kifahari. Baadaye ikaingia Crans-Montana. Kijiji kidogo hakiwezi kushindana na mfuko kama huo.

Jibu la vijiji vya upande wa Kifaransa lilikuwa kuungana. Mwaka 2017 walianzisha Magic Pass, tiketi moja ya msimu mzima inayokubaliwa katika vituo vingi vidogo. Anayeinunua mapema analipa kidogo, na pesa inagawanywa kati ya vituo kufuatana na wageni waliopokelewa. Faida kubwa ni kwamba pesa inaingia kabla theluji haijaanguka. Mwaka wa theluji kidogo, kijiji hakibaki mikono mitupu.

Mlima wenyewe unabadilika

Lakini tiketi haileti theluji. Leo zaidi ya nusu ya miteremko ya ski nchini Uswisi ina mashine za kutengeneza theluji kwa maji na hewa baridi. Mashine hizo zinahitaji baridi ya kutosha, maji mengi na umeme, na kwa vituo vya chini hesabu inazidi kuwa ngumu. Juu zaidi, barafu za kudumu zinayeyuka: katika miaka miwili tu, 2022 na 2023, Uswisi ilipoteza karibu asilimia 10 ya barafu zake. Wakaaji wa Beni na Mutwanga, wanaotazama barafu za Ruwenzori zikipungua mwaka hadi mwaka, wanaijua picha hiyo.

Tarehe 28 mwezi wa tano mwaka 2025, hatari hiyo ilipata jina: Blatten. Kijiji hicho cha kale katika bonde la Lötschental, chenye watu karibu 300, kilifunikwa karibu chote baada ya miamba kuporomoka juu ya barafu ya Birch na kuisukuma yote bondeni. Mtu mmoja alikufa. Wengine waliokolewa kwa sababu walikuwa wamehamishwa siku tisa kabla, ng'ombe wao wakiwemo. Wanasayansi wanaonya kwamba tukio moja haliwezi kupewa sababu moja, lakini wanakubali kwamba joto linadhoofisha miamba iliyoshikwa na barafu. Komine imetangaza mpango wa kukijenga kijiji upya.

Jirani na hapo, Wiler ingali imesimama, pamoja na teleferiki yake inayopanda Lauchernalp, na kutoka hapo nyingine inayofikisha watelezaji juu ya mita 3.000. Kwa Wakongomani wanaoishi Lausanne, Genève ama Fribourg, vijiji hivi haviko mbali. Kwa Grimentz, treni inafika Sierre; kwa Evolène, Sion; kwa Wiler, Goppenstein. Kutoka kila stesheni, basi la manjano la posta linamalizia safari. Vibao na viatu vinakodishwa kijijini, na wanaoanza wanapata walimu.

Anayekwenda huko na kulala usiku mbili ama tatu anafanya zaidi ya kustarehe. Kitanda chake kinakuwa cha moto, mkate wake unanunuliwa kwa mwokaji wa kijijini, na tiketi yake inasaidia waya wa teleferiki kuendelea kuzunguka. Kwa vijiji hivi, mgeni mtulivu anayerudi kila mwaka ana thamani kuliko tajiri anayenunua nyumba na kufunga madirisha.