Biashara Hutaka Kujuana

Wazee husema kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Neno hili lina maana kubwa, walakini nadhani lilifaa zaidi zamani, wakati muuzaji na mnunuzi walipokaa kijiji kimoja. Siku hizi kuku wa Singida huliwa Dar es Salaam, mwendo wa kilomita karibu 700, na mnunuzi wa huko hawezi kumwona kuku huyo akichakura uani kwetu. Hata kizuri chahitaji mtu wa kukisemea. Basi nataka kueleza jinsi wafanyabiashara wanavyojuana, kwa simu na kwa kuonana uso kwa uso, na kwa nini njia moja bila ya nyingine haitoshi.

Kwanza yafaa tujue kwamba jambo hili si geni. Katika karne ya 19, misafara ya pembe na nguo ilipita nchi hii ya kati ikitoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji. Msafiri aliyefika nchi ya watu asiowajua alikuwa katika hatari ya mali yake na hata ya roho yake. Kwa hiyo wengine walichanjiana damu na wenyeji, wakawa ndugu. Wanyamwezi waliochukua mizigo hiyo walifanya utani na watu wa pwani, na utani huo umedumu hata leo. Hivyo ndivyo mgeni alivyopata mahali pa kulala, chakula, na mtu wa kumdhamini. Watu wale walijua kwamba kabla ya mali kupita, sharti uaminifu utangulie.

Sasa tuitazame simu. Huduma ya M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, na tangu hapo fedha zaweza kutoka Kariakoo zikafika kijijini kwa dakika moja. Baadaye yakaja makundi ya WhatsApp na kurasa za Facebook na Instagram. Mkamuaji wa alizeti hupiga picha madumu yake ya mafuta, na mfuga ng'ombe wa mkoa mwingine akiiona picha ile huuliza bei ya mashudu. Mwenye asali hufanya vivyo hivyo.

Faida kubwa kuliko zote ni kujua bei. Mkulima wa vitunguu asiyejua bei ya mjini humngojea dalali shambani, naye dalali humjazia gunia hata likawa lumbesa, kisha humlipa kama gunia la kawaida. Lakini mkulima mwenye rafiki sokoni humpigia simu asubuhi, na dalali akija humkuta amekwisha kujua. Hawezi kumdanganya kwa wepesi.

Walakini simu ina hasara zake, nami nimeziona nyumbani kwetu. Mama yangu mdogo hufuga kuku wa kienyeji. Katika kundi moja la simu alimpata mtu aliyesema ana duka la kuku mjini. Picha ya duka ilikuwa nzuri, na maneno yake yalikuwa ya heshima. Mtu yule alitanguliza fedha za kuku 10, naye mama mdogo akampelekea kuku 50 katika matenga kwa basi. Kesho yake mtu yule alisema kwamba kuku 15 wamefika wamekufa. Keshokutwa alisema kwamba atalipa jioni. Siku ya nne simu yake haikupatikana, wala haijapatikana mpaka leo. Fedha zile ndizo zilizokuwa za michango yangu ya shule, na muhula ule nilichelewa kufika majuma mawili.

Nilipofikiri sana niliona kwamba kosa halikuwa la simu. Picha huonyesha mali, haimwonyeshi mtu. Mama mdogo aliuliza habari za bei na za basi, lakini hakuuliza swali lililo kubwa kuliko yote: Nani anakufahamu? Mnadani asingefanya hivyo. Pale mtu asipolipa, kuna watu kumi wajuao kwao ni wapi, na mnada ujao atatafutwa. Haya ya watu ni dhamana iliyo na nguvu. Katika simu mtu aweza kutupa namba yake kama ganda la ndizi.

Mwaka uliofuata kikundi cha akina mama cha kijiji chake kilipata nafasi katika Maonyesho ya Nane Nane, ambayo kwa Kanda ya Kati, yaani Dodoma na Singida, hufanyika Nzuguni, Dodoma. Mama mdogo alichukua kuku watatu na trei mbili za mayai. Mwenye hoteli mmoja alimshika kuku, akampima kwa mkono, akauliza anakula nini. Walizungumza kwa muda mrefu, na waligundua kwamba wana jamaa mmoja wanayemjua wote wawili. Baada ya mwezi mmoja mwenye hoteli alifika kijijini kuona banda. Tangu hapo hawaonani mara nyingi. Huagizana kwa simu, na fedha hufika kabla ya jua kuchwa. Kuonana ndiko kulikopanda mbegu, na simu ndiyo inayoimwagilia maji.

Mwaka 1973 mtaalamu wa Marekani, Mark Granovetter, aliandika juu ya watu waliopata kazi kwa kuambiwa na mtu. Wengi wao hawakuambiwa na rafiki wa karibu bali na mtu wanayeonana naye mara chache tu. Sababu yake ni nyepesi. Rafiki wa karibu hujua yale yale tunayoyajua sisi, maana tunakaa pamoja. Yule wa mbali hukaa penye habari nyingine. Kwa hiyo mwenye kutaka biashara asikae na majirani tu. Aende mnadani, aende maonyeshoni, asimame na kusalimu, kisha atunze majina.

Basi, msomaji mwenzangu, nitataja mambo machache yanayofaa kushikwa. Kwanza, mtu uliyempata kwa simu mtafutie mtu wa tatu anayemfahamu. Pili, mzigo wa kwanza uwe mdogo, kiasi ambacho ukikipoteza hutalala njaa. Tatu, usitume mzigo wa pili kabla wa kwanza haujalipwa wote. Nne, andika kila kitu, maana mali bila daftari huisha bila habari. Tano, sema ukweli juu ya mali yako, kwa sababu kundi linalokusifu leo ndilo litakalokutangaza kesho. Tena tukumbuke kwamba ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayoadhibu udanganyifu wa namna hii. Mtu akidhulumiwa asione haya, aende polisi na ujumbe wote aliotumiwa.

Labda mtasema, Haya yatufaa nini sisi tusioruhusiwa simu bwenini? Yatufaa sana. Mwezi wa Novemba sisi wa Kidato cha Nne tutafanya mtihani wa taifa, na si wote tutakaoendelea na Kidato cha Tano. Wengi tutarudi nyumbani, na huko tutakuta alizeti, vitunguu, asali na kuku, lakini faida imo mikononi mwa wengine waliojuana kabla yetu. Hapa shuleni tumelala chumba kimoja na watu wa Iramba, Mkalama, Ikungi, Manyoni na Itigi. Tumegawana sabuni, na twajua nani hulipa deni lake na nani hujificha. Ujuzi huo mfanyabiashara huutafuta kwa miaka mingi na kwa hasara nyingi. Mimi nimekwisha kufungua daftari, nami naandika humo jina la kila mwenzangu, kijiji chake, na mazao ya kwao. Ambaye sijamwandika na anione kabla hatujafunga shule.