Je, Wajua? Kemikali Milioni 2 Dhidi ya Malaria

Je, wajua kwamba safari ya kutafuta dawa mpya huweza kuanza kwa kupima kemikali karibu milioni 2? Ndivyo kampuni ya dawa ya GSK ilivyofanya kwenye maabara yake ya Tres Cantos, Uhispania. Mashine hudondosha kila kemikali katika kishimo chake kwenye sahani ya plastiki. Sahani moja huweza kuwa na vishimo 384 au hata 1,536. Ndani ya vishimo hivyo mna chembe nyekundu za damu zenye vimelea vya malaria.

Kemikali 13,533 zilizuia ukuaji wa vimelea kwa angalau asilimia 80. Mwaka 2010 GSK iliwafungulia watafiti wote duniani orodha ya kemikali hizo. Kilichofuata ni kazi ndefu zaidi: kuhakikisha usalama wa kemikali hizo mwilini.