Koo Moja, Sauti Nne: Mtambo na Amana ya Mwimbaji wa Kaswida

Umeme ulikatika katikati ya ubeti wa tatu. Ulikuwa usiku wa mahafali ya madrasa. Watoto wamekaa mikekani kwa safu, wazazi nyuma yao, na mbele ya kipaza sauti alisimama kijana mmoja peke yake. Hakuwa na kundi. Hata hivyo, tangu alipoanza kughani tulisikia sauti nne: yake mwenyewe, nyingine nyembamba iliyopanda juu yake, ya tatu iliyokaa katikati, na ya nne nzito iliyojikokota chini kama ya mzee. Mama mmoja aliyekaa mbele yetu aligeuza shingo kulitafuta kundi nyuma ya pazia. Umeme ulipokatika, sauti tatu zilikufa papo hapo. Ikabaki moja, nyonge, imeishiwa pumzi, na imetoka nje ya mahadhi.

Kijana alinyamaza. Katika giza lile, mtoto mmoja wa safu ya mbele akaanza kiitikio taratibu. Wa pili akampokea, kisha safu nzima, na mwisho madrasa yote. Walikuwa wanakijua. Walikifanyia mazoezi kwa wiki kadhaa, kisha mchana wa siku ile wakaambiwa wakae wasikilize tu, kwa kuwa mtambo utaitikia.

Mwandishi wa makala haya hakuja kuulaani mtambo. Mitambo hii imeingia katika kaswida na anashidi, na vijana wetu wanaitamani. Ni vyema basi wazazi, walimu na wenye shughuli wajue unafanya nini, unashindwa wapi, na ni amana gani inayomwelemea anayeutumia.

Mtambo hufanya nini?

Sauti ni mtetemo. Mwimbaji anaposhika sauti ya mitetemo 200 kwa sekunde, sauti ya mitetemo 400 husikika kama ileile iliyopanda daraja zima, mfano wa mtoto anayeimba pamoja na baba yake. Ile ya mitetemo 300 hukaa kati ya hizo mbili na kupatana nazo vizuri. Mtambo huisikiliza sauti inayoingia, huhesabu mitetemo yake, kisha hutengeneza nakala zilizopandishwa au kushushwa kwa uwiano uliochaguliwa. Yote hayo hufanyika kwa muda mfupi mno, hata msikilizaji akadhani waimbaji wamesimama bega kwa bega.

Fani hii si mpya. Kampuni ya Eventide ya Marekani ilianza kuuza mtambo wa kutoa sauti pacha za namna hii mwaka 1975. Mwaka 1997 ikaja programu ya Auto-Tune, iliyobuniwa na Andy Hildebrand, mhandisi ambaye kabla ya hapo alikuwa akichambua mawimbi ya ardhini katika utafutaji wa mafuta. Kazi ya programu ile ilikuwa kuirekebisha kimyakimya sauti iliyokosea kimo. Mwaka uliofuata, wimbo mmoja wa mwimbaji Cher uliitumia kwa kupita kiasi, sauti ikawa inarukaruka kama ya roboti, na tangu hapo mlio huo umekuwa mtindo wa dunia. Leo kazi hizo zote zimo katika kisanduku kidogo kinachokanyagwa kwa mguu, na nyingine zimo katika simu.

Kwa waimbaji wa anashidi, mtambo huu ulikuja na mvuto wa pekee. Wengi wao hujiepusha na ala za muziki, ama kwa itikadi yao wenyewe, ama kwa kuwajali wasikilizaji wao. Ndiyo maana hata msanii kama Maher Zain ametoa nyimbo zake pia katika toleo la sauti tupu zisizo na ala. Studioni jambo hilo ni jepesi: mwimbaji mmoja hujirekodi mara kumi, kisha sauti zake hupangwa juu ya nyingine hadi zikawa kama kundi. Tatizo huja siku ya hadhara. Kundi lililokuwamo katika rekodi halipo, na watu wanataka kusikia kile walichokizoea. Hapo ndipo kisanduku kinapokanyagwa.

Sauti zisizokuwamo katika hesabu ya mtambo

Kuna jambo ambalo muuzaji wa mtambo huenda asilieleze. Mitambo mingi ya bei nafuu hupimwa kwa ngazi ya muziki wa Ulaya, yenye hatua 12 zilizolingana. Mahadhi ya Kiarabu, ambayo visomo vyetu na kaswida zetu nyingi zimeyarithi, yana sauti zinazokaa katikati ya hatua hizo.

Tuchukue maqamu ya bayati, ambayo sikio la Mwislamu limeizoea tangu utotoni hata kama hajui jina lake. Hatua yake ya kwanza si hatua nzima wala si nusu, bali ni kama robo tatu. Utamu na huzuni ya bayati vimo hapo. Mtambo wa kusahihisha ukiisikia sauti ile huihesabu kuwa ni kosa, na kosa kwake lina dawa mbili: kuivuta chini au kuisukuma juu. Ikivutwa chini, bayati hugeuka kurdi. Ikisukumwa juu, huelekea kwenye nahawandi. Mwimbaji ameimba sawa kama alivyofundishwa na ustadhi wake, na mtambo umemsahihisha mpaka akakosea.

Hali ni hiyohiyo kwa sauti pacha. Mtambo ukipangwa kuongeza sauti ya tatu na ya tano juu ya lahani, huleta mpangilio wa kwaya, uliokuzwa katika muziki wa Ulaya. Mpangilio huo una uzuri wake, lakini asili ya kuitikia kwetu si hiyo. Katika Barzanji na kaswida za madrasa, kundi huitikia kwa lahani moja. Watu wazima chini, watoto daraja moja juu. Kwa hiyo anayetaka mtambo ufanane na jamaa zake halisi na auamrishe utoe nakala ya kimo kilekile na nakala ya daraja la juu, basi. Zipo programu zinazoruhusu kupangwa kwa ngazi nyingine zisizo za Ulaya, na mwenye nazo hana budi kujifunza kuzipanga. Asiyeweza, na azime usahihishaji.

Uaminifu wa sauti

Sauti nzuri ni neema inayotambuliwa katika dini yetu. Mtume (SAW) alipoisikia qiraa ya Abu Musa al-Ash'ari (RA) aliisifu kwa kuifananisha na zumari za watu wa Daudi. Adhana ilipopatikana katika ndoto ya Abdallah bin Zayd (RA), aliamrishwa amfundishe Bilali (RA), kwa kuwa sauti ya Bilali ilikuwa bora zaidi kwa kunadia. Aliyeota hakuona haya kumpisha mwenye koo.

Ama kuhusu mtambo, wako wanazuoni wa zama zetu wanaosema kwamba sauti ya mwanadamu ikigeuzwa hata ikafanana na ala, basi huchukua hukumu ya ala. Wengine hulegeza zaidi. Hilo ni la wanazuoni, na kila mwenye kuimba na amuulize anayemwamini katika elimu. Lakini lipo swali jingine ambalo halimhitaji mufti, nalo ni uaminifu.

Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba mwanamke mmoja alimuuliza Mtume (SAW) kama ni vibaya kujionesha mbele ya mke mwenzake kuwa mumewe amempa kitu ambacho hakumpa. Mtume (SAW) akamfananisha mwenye kujionesha kuwa na asichopewa na mtu aliyevaa nguo mbili za uongo. Tafakari, ndugu msomaji, juu ya kijana anayekodiwa kwa ajili ya walima au mahafali. Wenyeji wamemlipa kwa sauti waliyoisikia katika simu. Ikiwa sauti ile ni ya mtambo kwa sehemu kubwa na wao hawajui, wamenunua nini?

Dawa yake si ngumu. Mtume (SAW) alipoingiza mkono katika lundo la chakula sokoni akakuta umajimaji chini yake, alimuuliza muuzaji kwa nini hakuuweka juu watu wauone. Hakumkataza kuuza. Vivyo hivyo mwimbaji na aseme mapema, kwa wenyeji na kwa hadhira, kwamba yuko peke yake na sauti nyingine ni za mtambo. Akishasema hivyo, hakuna aliyehadaiwa. Wapo watakaomsikiliza kwa hamu zaidi, wakitaka kujua afanyavyo.

Mpaka mwingine ni wa wazi zaidi. Qur'ani na adhana si mahali pa majaribio haya. Msomaji wa Qur'ani hufunzwa kuchunga urefu wa kila madi, ghuna na makhraja ya kila herufi. Mwangwi mzito tu, hata pasipo sauti pacha, huzifanya herufi zipandane hata msikilizaji asitofautishe iliyokwisha na iliyoanza. Wasimamizi wa vipaza sauti misikitini na walizingatie hili.

Kwa anayeutumia

Kijana aliyekwisha kuamua kuutumia mtambo katika kaswida anahitaji maelekezo machache ya kazi.

Kwanza, ajue sauti yake ya kuanzia. Mtambo huambiwa kabla ni ngazi ipi itakayoimbwa. Mwimbaji akiamka na mafua akaanza chini ya kawaida yake, nakala zitafuata ngazi ya jana, na yeye ataimba ya leo. Na apate sauti ya kuanzia kabla ya kusimama mbele za watu, kisha aishike.

Pili, aimbe ubeti kwa sauti yake moja, na akanyage kitufe penye kiitikio tu. Huo ndio mwendo wa asili: mmoja hughani, wengi huitikia. Anayeacha sauti nne zisikike tangu mwanzo hadi mwisho huchosha masikio, na maneno ya ubeti hupotea.

Tatu, nakala ziwe chini kuliko sauti halisi, na mwangwi uwe kidogo. Ushairi wa kaswida ni mafunzo kabla ya kuwa mahadhi. Ikiwa bibi aliyekaa safu ya mwisho haelewi kinachosemwa, mpangilio umeshindwa.

Nne, adufu na matari yakae mbali na kipaza sauti cha mwimbaji. Mtambo hausikii kwa akili. Mdundo ukiingia pamoja na sauti, hesabu huvurugika na nakala huanza kuyumba. Vilevile spika ya jukwaani isielekezwe kwenye kipaza sauti, usije ukazuka mlio mkali unaowafanya watu wazibe masikio.

Tano, robo tatu ya mazoezi iwe bila mtambo. Kaswida isiyosimama kwa koo tupu haijakamilika, na katika miji yetu umeme hautoi taarifa.

Nyumbani na madrasani

Mzazi anayeombwa na mwanawe amnunulie kisanduku hiki asikimbilie kukataa, wala asikimbilie kutoa fedha. Na amwambie mtoto akae sebuleni aimbe kaswida nzima bila kitu chochote mkononi, mbele ya ndugu zake. Akiweza, mtambo utamwongezea. Asipoweza, utamficha, na kila mwaka unaomficha ni mwaka ambao koo halifunzwi. Mtoto anayesahihishwa na mashine hasikii kosa lake. Na asiyelisikia kosa lake hawezi kulirekebisha.

Kwa walimu na kamati za madrasa, neno ni jingine. Kabla fedha ya mtambo haijatoka, jiulizeni kama posho ya ustadhi imelipwa. Na mtambo ukishanunuliwa, usichukue nafasi ya mtoto hata mmoja. Anayeghani peke yake safarini, au mahali asipokuwa na jamaa, ana udhuru wa kutafuta msaada wa mtambo. Mbele ya watoto arobaini wanaokijua kiitikio hana udhuru. Mtoto hapandi jukwaani ili sauti yake iwe nzuri tu. Hapo hujifunza kumsubiri mwenzake, kuvuta pumzi pamoja naye, kushusha sauti yake ili ya jirani isikike, na kuyabeba maneno ya kumsalia Mtume (SAW) kifuani mwake hadi uzeeni.

Usiku ule jenereta liliwashwa baada ya dakika chache. Kijana alikishika tena kipaza sauti, akakitazama kisanduku miguuni pake, kisha akakisogeza pembeni kwa kiatu. Akaghani ubeti wa nne kwa sauti yake moja, iliyokuwa ikitetemeka kidogo. Aliachia kiitikio kwa watoto, na hakuna aliyewaambia tena wanyamaze.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe kuzitumia neema Zake kwa ukweli. Wallahu a'lam.