Mathenge: Adui wa malisho, mpini imara kwa fundi wa Hewani

Mpini uliolegea ni hatari kwa fundi na kwa mkulima. Jembe likichomoka shambani humjeruhi aliye karibu. Kwa fundi anayekereza miguu ya vitanda na viti, hatari ni kubwa zaidi: mbao huzunguka kwa kasi, na patasi ikinaswa mpini unaweza kupasuka na msuka ukamchoma kiganja.

Kwa wakaazi wa Hewani na vijiji jirani vya Tana Delta, mti wa kutengenezea mpini hauko mbali. Mathenge, unaojulikana zaidi kwa miiba yake, una kiini kigumu na kizito ambacho hakinywei wala kupindika sana kinapokauka. Mti huu uliletwa Bamburi, Mombasa, mwaka wa 1973, na mapema miaka ya 1980 ukapandwa katika miradi ya unyunyizaji ya Bura na Hola ili kuzuia upepo na kutoa kuni. Ulienea kupita kiasi, na mwaka wa 2008 serikali iliutangaza kuwa magugu hatari. Kila mpini unaotokana na mathenge huokoa mti wa msitu wa kandokando ya mto Tana.

Kuchagua na kukausha

Chagua tawi nene lililonyooka, lisilo na fundo. Lipasue kwa shoka na kabari badala ya kulikata kwa msumeno, ili nyuzi za mti zifuate urefu wa mpini. Tumia kiini chekundu cha kahawia. Sehemu nyeupe ya nje huliwa upesi na bungua.

Paka rangi au nta kwenye ncha zote mbili, kisha weka vipande kivulini penye upepo kwa miezi kadhaa. Vikianikwa juani, hupasuka. Pima kipande kimoja kila wiki. Uzito ukiacha kupungua, kimekauka.

Kukaza mpini wa patasi

Toboa tundu kabla ya kukereza, kisha uzungushe mpini ukiwa umeshikwa kwenye tundu hilo. Hivyo msuka hukaa katikati kamili. Kwa kuwa msuka huchongoka, anza na tundu jembamba hadi kina chake chote, halafu lipanue nusu ya juu tu.

Mdomo wa mpini uvishwe pete iliyokatwa kutoka bomba la shaba au la chuma. Pete ndiyo huzuia mti kupasuka, kwa hivyo iingie kwa kugongwa. Bana chuma cha patasi kwenye jiliwa, sukuma mpini kwa mkono hadi zibaki sentimita 2 hivi, kisha gonga kitako chake kwa nyundo ya mbao.

Patasi ndogo hutosheka na mpini wa sentimita 25. Patasi ya kazi nzito huhitaji sentimita 30 hadi 45, kwani mpini mrefu humpa fundi nguvu ya kuizuia patasi isirushwe. Malizia kwa mafuta ya kitani. Vanishi huteleza mkononi penye jasho.

Usiloweshe mpini

Wengi hulowesha jembe lililolegea usiku kucha ili mpini uvimbe. Asubuhi huwa limekaza, lakini jua likipanda mti hunywea na kulegea kuliko awali, kwa kuwa nyuzi zake zimeshabanwa na chuma. Suluhisho la kudumu ni kupigilia kabari ya mti mkavu, au kubadilisha mpini. Kwa jembe la tundu, ncha nene ya mpini ikae upande wa juu, ili kila pigo likaze.

Kabla ya kukata

Vaa glavu na viatu vizito, kwani miiba ya mathenge hupenya kandambili na jeraha lake huweza kuoza. Ikiwa nia ni kuuangamiza mti, kata shina chini ya usawa wa udongo. Kisiki kikiachwa juu huchipua tena. Anayekusudia kukata au kusafirisha mbao kwa biashara aulize kwanza kuhusu kibali katika ofisi ya Huduma ya Misitu Kenya (KFS) iliyo karibu naye.