Blenda alfajiri, mtoto wa jirani amelala: Vifaa vya jikoni visivuruge nyumba ya kupanga

Saa 11 alfajiri, Masasi mjini. Kwenye nyumba ya kupanga yenye vyumba sita, mama muuza juisi ameshaamka. Maembe ameyamenya jana usiku, na anataka awe stendi kabla basi za asubuhi hazijaondoka. Anachomeka blenda. Upande wa pili wa ukuta, mzazi mwenye mtoto wa wiki tatu ndiyo kwanza amefumba macho. Blenda inanguruma, mtoto anashtuka, kilio kinaanza.

Hapo hakuna mbaya. Mmoja anatafuta riziki, mwingine anatafuta usingizi. Lakini ikijirudia wiki nzima bila watu kuambiana, salamu zinapungua, vijembe vinaanza, na mwisho ua mzima unagawanyika.

Kwa nini sauti inapenya

Nyumba nyingi za kupanga Masasi na Newala ni vyumba vilivyopangwa chini ya paa moja la bati. Pasipokuwa na dari, au pale ukuta usipofika juu kabisa, sauti hupita juu ya ukuta na kushukia chumba cha pili. Njia nyingine ni mtikisiko: blenda ikikaa kwenye meza iliyogusa ukuta, ukuta nao unatetemeka. Kinu kikiwekwa kwenye sakafu ya saruji, kila pigo la mchi husikika chumba cha jirani.

Usiku hali huwa nzito zaidi. Mchana kuna bodaboda, redio na watoto wanaocheza, hivyo blenda haisikiki sana. Alfajiri, mtaa ukiwa kimya, sauti ileile humwamsha mtu.

Mtoto anahitaji kulala kiasi gani

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2019 unasema mtoto wa miezi 0 hadi 3 anahitaji usingizi wa saa 14 hadi 17 kwa siku, ukijumlisha wa mchana. Wa miezi 4 hadi 11 anahitaji saa 12 hadi 16, wa mwaka 1 hadi 2 saa 11 hadi 14, na wa miaka 3 hadi 4 saa 10 hadi 13.

Mtoto mchanga kushtuka na kurusha mikono anaposikia kishindo ni jambo la kawaida, na hupungua anapokaribia miezi 4 hadi 6. Tatizo ni usingizi unaokatika kila siku, kwa mtoto na kwa mama anayenyonyesha, ambaye hulala pale tu mtoto anapolala.

Blenda nyingi za nyumbani hutoa sauti ya desibeli 80 hadi 90 kwa aliye karibu nayo. Kwa dakika moja au mbili haiharibu masikio ya mtu mzima. Hata hivyo, si vizuri kusaga ukiwa na mtoto mgongoni au kumlaza kando ya meza hiyo. Kwa kulinganisha, madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri sauti kwenye wodi za watoto wachanga isizidi desibeli 45.

Mambo madogo yanayosaidia

*Saga mapema.* Juisi ya asubuhi inaweza kusagwa saa 1 au saa 2 jioni ikiwa lipo friji la kuihifadhi. Nazi na viungo vya mchuzi wa usiku visagwe mchana.

*Usisage uji wa mtoto kila mlo.* Unga wa lishe usagwe mashineni mara moja, uhifadhiwe kwenye chombo kikavu chenye kifuniko. Karanga zenye unyevu au ukungu zisitumike kabisa.

*Kata vipande vidogo, ongeza maji.* Embe lililokatwakatwa husagika haraka. Barafu na vitu vigumu ndivyo vyenye kelele zaidi.

*Sogeza meza mbali na ukuta.* Tandika kitambaa kilichokunjwa au kipande cha godoro chini ya blenda. Usiifunike kwa nguo ikiwa inazunguka, kwani mota itapata joto na kuungua.

*Kinu kikae uani.* Kutwanga makopa au mahindi kufanyike kwenye udongo, juu ya gunia lililokunjwa, si barazani mlangoni pa mtu.

*Umeme ukirudi usiku wa manane, subiri.* Ni kweli ulikuwa unaungoja, lakini wenzako wamelala.

Kuongea bila kugombana

Ratiba za wapangaji hutofautiana. Muuguzi aliyetoka zamu ya usiku hulala saa 3 asubuhi, wakati kinu kimeshamiri uani. Mwezi wa Ramadhani, waliofunga huamka kuandaa daku. Bila kuambiana, hakuna atakayejua.

Mwenye mtoto mchanga aanze yeye, tena mchana, watu wakiwa wametulia: "Mama Fulani, habari za kazi? Samahani dada yangu, mtoto anasumbuka sana alfajiri. Unaonaje blenda ukaiweka kule jikoni kwa nje?" Kama jirani ni mtu mzima, shikamoo itangulie. Kugonga ukuta usiku au kumtuma mtoto kupeleka ujumbe huongeza hasira.

Mwenye blenda naye atoe taarifa: "Kesho nina oda, nitasaga alfajiri mara moja tu." Aliyeambiwa mapema huvumilia kuliko aliyeshtukizwa.

Mkishindwana, mwenye nyumba akae na wapangaji wote mkubaliane saa za ukimya. Ikishindikana kabisa, yupo mwenyekiti wa mtaa. Tanzania ina kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, lakini shauri la blenda likifika huko, ujirani utakuwa umeshakufa.

Muuza juisi wa vyumba sita hahitaji kuacha biashara. Akisogeza meza yake hadi uani na kusaga kwa mkupuo mmoja, atawahi stendi na mtoto wa jirani ataendelea kulala. Na siku atakapopatwa na homa usiku, wa kwanza kumsikia atakuwa jirani yuleyule wa ukuta wa pili.