Nyumba Kongwe ya Bagamoyo Kufanywa Ofisi ya Halmashauri: Fedha za Ukarabati Zitoke Wapi?



Familia nyingi za Unguja na Pemba zina asili, makaburi au magofu upande wa Bagamoyo. Katika mji ule, Boma la Wajerumani la 1897 liliendelea kuwa ofisi za wilaya hata baada ya uhuru, mpaka sehemu yake ikaporomoka. Hapa kwetu, tarehe 25 Disemba 2020 iliporomoka sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la 1883, na watu wakapoteza maisha. Nyumba kongwe ikiachwa bila matengenezo huwa hatari kwa wapita njia.

Basi halmashauri ikitaka kuikarabati nyumba ya ukoo au ya wakfu iwe ofisi, maktaba au zahanati, ni fedha zipi zinazofaa kisheria?

Kwanza ijulikane kwamba gharama si ndogo. Nyumba hizi ni za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Ukizipiga lipu ya saruji, unyevu hufungiwa ndani na ukuta huoza, kwa hiyo anahitajika fundi anayeijua chokaa. Halmashauri nayo hutegemea mapato yake ya ndani, ruzuku ya serikali kuu, wahisani, au mkopo kwa idhini ya waziri.

Mkopo wa riba na hatifungani. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani yenye riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka. Mradi wa maji ni wa kheri, lakini wema wa lengo hauhalalishi riba. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu liliamua mwaka 1990 kwamba hatifungani zenye riba ni haramu, awe mtoaji ni mtu binafsi au serikali. Hukumu ni hiyo hiyo kwa hatifungani ya kukarabati jengo.

Zaka. Surat At-Tawba, aya ya 60, imetaja mafungu manane ya wanaostahiki. Kwa kauli ya wanavyuoni walio wengi, ujenzi wa ofisi haumo, na haifai haki ya fakiri igeuzwe kuwa mapaa na milango.

Sadaka na wakfu. Sayyidna Umar (Radhiya Allahu 'anhu) alipopata ardhi Khaybar, Mtume alimshauri azuie asili yake na atoe mazao yake sadaka. Haiuzwi, haitolewi zawadi, hairithiwi. Mwenye nyumba anaweza kuiweka wakfu kwa manufaa ya watu wote, na sharti lake likiwa halali lazima lifuatwe. Katika miaka ya 1890 tajiri Sewa Haji alitoa jengo la shule Bagamoyo kwa sharti kwamba watoto wa kila asili wasome.

Ijara. Njia hii ndiyo iliyo nyepesi kwa familia nyingi. Tuseme ukarabati umekadiriwa shilingi milioni 60, na kodi ya haki ni laki 5 kwa mwezi. Halmashauri inalipa milioni 60 za matengenezo, na zinahesabiwa kuwa kodi ya miezi 120, yaani miaka 10. Ukifika mwisho, nyumba inarudi ikiwa nzima. Masharti yake ni kwamba gharama, kodi na muda vijulikane tangu mwanzo, na isiongezwe asilimia yoyote kwa sababu ya kusubiri. Ikiongezwa, imekuwa riba kwa jina la kodi.

Sukuk. Hapa wanunuzi humiliki sehemu ya mali au ya manufaa yake, na faida yao hutoka kwenye kodi halisi. Zanzibar ilizindua Sukuk yake mwaka 2025. Kwa nyumba ya wakfu, kinachouzwa ni manufaa ya muda maalumu tu, kwani nyumba yenyewe haiuzwi.

Sasa tunausia mambo manne kabla ya kutia saini.

1. Mirathi igawanywe. Nyumba ya marehemu ni ya warithi wote, pamoja na binti aliyeolewa mbali na kaka aliye Oman. Mmoja hana haki ya kuitoa wakfu isipokuwa fungu lake. Na aliyeusia wakfu baada ya kufa kwake, wasia hauvuki thuluthi bila ridhaa ya warithi.

2. Ikiwa ni wakfu wa zamani, msimamizi asiikodishe chini ya kodi ya mfano wake, na kodi iende alikotaka mwenye kuweka wakfu, kama ni msikiti au mayatima.

3. Mkataba uandikwe na uwe na mashahidi. Mali iliyo Zanzibar ifikishwe Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Iliyo Bagamoyo, hati yake ihakikishwe ofisi ya ardhi.

4. Mamlaka ya mambo ya kale iulizwe kabla ya kubomoa hata ukuta mmoja.

Wazee wetu wengine waliacha nyumba wakitaraji thawabu zisizokatika. Tusiwakatie kwa uzembe, wala tusizichanganye na riba.

Wa Allahu A'lam.