ASKARI NA MTOTO MWENYE USONJI: NI NANI ASTAHILIYE KUKABIDHIWA?

Askari yeyote aliyewahi kupokea amri ya uhamisho aijua taabu ya kuhamisha nyumba, vyombo na watoto wa shule kwa muda wa majuma machache. Katika majeshi ya Marekani jambo hilo huwapata wengi kila baada ya miaka miwili au mitatu hivi. Lakini askari mwenye mtoto wa usonji ana mzigo mwingine juu ya huo. Kila afikapo kambi mpya hana budi kuanza upya kumtafuta mtu wa kumfundisha mtoto wake, na mara nyingi jina la mtoto hukaa miezi katika orodha ya wangojao. Mzazi aliyechoka kungoja huwa tayari kumpokea yeyote abishaye hodi, na hapo ndipo penye hatari.

Usonji si wazimu, si laana, wala hautokani na malezi mabaya. Daktari Leo Kanner wa Baltimore aliandika mwaka 1943 habari za watoto 11 wa namna hiyo, na kwa miaka mingi baadaye wako wataalamu waliowashutumu akina mama kwamba mioyo yao ni baridi. Shutuma hiyo ilikuwa ya uongo, nayo iliumiza nyumba nyingi.

Tiba ya tabia hulivunja jambo kubwa kuwa hatua ndogo ndogo. Mtoto wa kufundishwa kunawa mikono hufundishwa kwanza kufungua bomba tu, naye hutuzwa kwa kitu akipendacho. Kisha hatua ya pili, kisha ya tatu. Profesa Ivar Lovaas wa Los Angeles alitangaza mwaka 1987 kwamba, kati ya watoto 19 waliofundishwa kwa saa 40 hivi kila juma, 9 waliweza kusoma darasa la kwanza pamoja na wenzao. Habari hiyo iliwapa wazazi matumaini makubwa, pengine kupita kiasi. Yafaa ikumbukwe pia kwamba katika kazi zake za awali Profesa huyo alitumia makofi na hata umeme.

Tangu mwaka 2014 mpango wa afya wa majeshi hayo, uitwao TRICARE, umekuwa ukiilipia tiba hii chini ya utaratibu maalumu. Kwa hiyo shida ya mzazi si fedha tu. Ni kumtambua mtu wa kweli.

Jambo la kwanza ni cheti. Iko bodi, iliyoanzishwa mwaka 1998, inayothibitisha wachambuzi wa tabia. Mchambuzi kamili sharti awe na shahada ya pili ya chuo kikuu, afanye mazoezi ya saa nyingi chini ya msimamizi, na kufaulu mtihani. Majina yao yamo katika daftari lililo wazi kwa kila mtu. Askari polisi haoni haya kumwomba dereva leseni yake. Kwa nini basi mzazi aone haya?

Lakini cheti kilichotundikwa ukutani hakiketi na mtoto. Aketiye naye siku kwa siku ni fundi, ambaye mafunzo yake ya lazima ni saa 40, na sheria ya bodi humtaka asimamiwe kwa uchache sehemu 5 katika kila 100 za saa zake. Maana yake, katika saa 80 za mwezi, msimamizi aweza kuonekana saa 4 tu. Nani kati yetu angemwachia lindo kuruta wa saa 40 kwa usimamizi wa namna hiyo? Kwa hiyo mzazi na aulize bila kuzungusha: mpango huu ameuandika nani, naye atakuja mara ngapi kumwona mtoto kwa macho yake?

Na aulize pia mtoto akilia au akikataa hufanywa nini. Mtaalamu mwema atasema hutafuta kwanza sababu ya kilio. Anayejibu kwamba mtoto huzuiliwa mpaka atii, au anayemkataza mzazi kuingia chumbani wakati wa somo, hafai, hata kama vyeti vyake vimejaa ukuta. Vivyo hivyo yule anayekazana kumzuia mtoto asipunge mikono, ilhali bado hajaweza kuomba maji.

Aahidiye kuponya na aogopwe. Mwaka 2019 Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliarifu Kongresi kwamba, baada ya miezi 12 ya tiba, watoto 76 katika kila 100 walionyesha badiliko dogo au hawakubadilika. Wako walioupinga upimaji huo, na hoja zao zina uzito. Hata hivyo tarakimu hizo zatosha kumfanya mzazi adai kuonyeshwa, kila baada ya miezi michache, maendeleo ya mtoto wake mwenyewe kwa hesabu iliyoandikwa.

Hesabu hizo ni mali ya kulindwa. Amri ya uhamisho ijapo, mzazi na achukue nakala ya mpango, vipimo na barua ya msimamizi, aandikie kambi mpya kabla hajaondoka, na majalada hayo ayabebe mkononi, asiyafungie pamoja na vyombo vitakavyokwenda kwa lori.